Vizimba, Mabwawa na Mwani: Ni Nani Abebaye Hasara?

Kwa mujibu wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, mwaka 2022 ulikuwa wa kwanza ambapo samaki na wanyama wengine wa majini waliofugwa duniani walizidi wale waliovuliwa, wakafikia asilimia 51 ya mavuno yote. Badiliko hilo limekwisha kutufikia. Mwaka 2024, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ugawaji wa boti na vizimba vya kufugia samaki kwa mkopo usio na riba. Twaipongeza nia hiyo, kwa kuwa familia nyingi za kando ya Ziwa Victoria zimeona nyavu zikirudi tupu. Hata hivyo, yatupasa kutazama kwa makini, kwani kila njia ya ufugaji huweka mzigo wake juu ya bega la mtu fulani.

Kizimba ni wavu ulioshikizwa kwenye fremu inayoelea ziwani. Huhifadhi sato wengi katika eneo dogo na kuleta mavuno ya haraka. Lakini samaki hao huishi kwa chakula cha kununuliwa, nacho ndicho kinachokula sehemu kubwa ya mtaji. Mabaki ya chakula na kinyesi huzama ziwani. Tena maji ya kina yasiyo na hewa yanapopanda juu, samaki aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Novemba 2022, huko Kisumu nchini Kenya, wafugaji walishuhudia samaki wao wakifa kwa wingi kwa kukosa oksijeni. Mkopo usio na riba ni msaada mkubwa, lakini samaki wakifa, deni hubaki.

Bwawa la nyumbani huenda polepole zaidi. Samadi hurutubisha maji, vijimea vikaota na kuwa sehemu ya chakula cha perege. Maji yenye rutuba nayo humwagilia mboga. Lina matatizo yake: perege wasipodhibitiwa huzaliana kupita kiasi na kudumaa, na ukame hulikausha. Lakini hasara yake mara nyingi hukomea katika bwawa hilo.

Pwani kuna njia ya tatu. Tangu mwaka 1989 wanawake wa Zanzibar wamelima mwani kwa biashara, wakiufunga kwenye kamba na vigingi wakati wa maji kupwa. Mwani hauhitaji chakula wala mbolea. Lakini aina yenye bei nzuri zaidi haistahimili joto la maji ya pwani linaloongezeka. Huugua na kukatika. Kuuhamishia kwenye kina kirefu kwahitaji mashua na ujuzi wa kuogelea, mambo ambayo wengi wa akina mama hao hawana. Hapa mzigo wa joto umemwangukia aliyelisababisha kidogo kabisa.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika Waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitukumbusha kwamba wazalishaji wadogo, wakiwemo wavuvi wa mahali, ndio wanaolisha sehemu kubwa ya watu duniani, na kwamba mamlaka za umma zina wajibu wa kuwaunga mkono. Kwa hiyo hatupingi vizimba. Twasema kwamba wingi wa samaki pekee si kipimo cha maendeleo. Ziwa ni mali ya wote, na mafao ya wengi hayatimii pale faida inapokuwa ya wachache na hasara ikawa ya maskini.

Basi vikundi vya parokia zetu, kabla ya kutia sahihi mkataba wowote, viulize: samaki wakifa, nani atalipa? Chakula cha samaki kitanunuliwa kwa nani, na kwa bei gani? Mvuvi mwenye mtumbwi mmoja atabakiwa na njia ya kupita? Viongozi wanaoitakia mema jamii hii hawataona uzito kuyajibu maswali hayo mapema.