Hedifoni zichaguliwe kwa masikio, si kwa macho

Yafaa tuliangalie kwa makini jambo ambalo wengi hulidhania dogo, nalo ni namna wafanyakazi na vijana wetu wanavyochagua hedifoni za kusikilizia muziki katika simu zao. Asubuhi ndani ya daladala, katika foleni za benki, na hata katika vyumba vya walimu, hukosi kumwona mtu aliyeziba masikio yake. Ukimwuliza alikichaguaje chombo hicho, aghalabu atajibu kwamba alivutiwa na rangi, au na jina lililoandikwa juu ya kasha, au kwamba "zinapiga besi". Majibu hayo hayatoshi. Mwenye kuyategemea hupoteza fedha yake kwanza, na kisha, pole pole, hupoteza masikio.

Hapana budi tuanze na masikio hayo. Mwanadamu huzaliwa na seli zenye vinyweleo takriban 15,000 katika kila sikio, na kazi yake ni kuipokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Zikifa hazioti tena. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani pamoja na Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano walitangaza kanuni ya usikilizaji salama: mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 katika juma, na mtoto desibeli 75 kwa muda huo huo. Hesabu ya desibeli ina hila ambayo walimu wa fizikia wanaijua vyema. Kila zikiongezeka 3, nguvu ya sauti huwa maradufu na muda wa usalama hupungua kwa nusu. Kwa hiyo anayesikiliza kwa desibeli 90 huimaliza haki yake ya juma zima kwa saa 4 tu. Mtumishi anayetumia saa 2 kila siku kwenda na kurudi kazini atakuwa amekwisha kuimaliza Jumanne jioni.

Kwa nini basi mtu apandishe sauti kiasi hicho? Aghalabu ni kwa sababu hedifoni alizonunua haziwezi kuzuia ngurumo ya injini wala makelele ya kondakta, na muziki hulazimika kushindana nayo. Hapo ndipo ulipo msingi wa maoni yangu: hedifoni bora ni zile zinazomwezesha mwenyewe kusikia kila kitu sauti ikiwa chini. Sifa nyingine zote na zifuate nyuma ya hiyo.

Hedifoni ndogo za plastiki ngumu, zinazokaa mlangoni tu mwa sikio na ambazo zilipata umaarufu mkubwa pamoja na iPod ya mwaka 2001, haziizibi njia ya kelele. Zenye ncha za mpira zinazoingia ndani huiziba, ila ncha isipolingana na tundu la sikio besi yote huvuja, na mnunuzi akalaumu bure; ajaribu kwanza ncha kubwa zaidi au ndogo zaidi. Zipo pia za kukaa juu ya sikio kwa nje, nazo ni za namna mbili. Zilizofungwa nyuma hufaa safarini. Zile za wazi, kama HD 414 ambayo kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani iliitoa mwaka 1968, zina sauti yenye kupumua, lakini ni za sebuleni usiku watoto wamelala. Si za basi la Mbagala.

Tarakimu zilizopigwa chapa juu ya kasha zisimtishe mtu. Kwamba hedifoni hutoa mawimbi ya hezi 20 hadi 20,000 huandikwa hata juu ya zile mbovu kabisa, maana hicho ndicho kipimo cha usikivu wa binadamu chenyewe. Tarakimu yenye manufaa ni ile ya ohamu. Simu haina nguvu nyingi, kwa hiyo ohamu 16 hadi 32 zinaifaa. Za ohamu 250 au 300 zimetengenezwa kwa ajili ya mitambo ya studio, na katika simu zitanong'ona tu.

Jaribio ninaloliamini mimi halihitaji mtambo. Mnunuzi aende dukani na wimbo anaoujua kwa moyo. Nyimbo za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz zinafaa mno kwa kazi hii, kwa kuwa magitaa yake hupishana na kujibizana muda wote. Hedifoni mbovu huyachanganya solo na rithimu yakawa uji mmoja, na besi ikavimba ikamfunika mwimbaji. Zilizo nzuri humpa kila mpigaji mahali pake, na maneno hufahamika hata sauti ikishushwa hadi theluthi. Rekodi ikiwa ya mono, mwimbaji asikike katikati kabisa ya kichwa. Akiegemea upande mmoja, zirudishwe hapo hapo.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya anasa. Mimi naona anasa hasa ni kununua hedifoni za bei ya chini mara sita kwa mwaka. Waya hukatika karibu na plagi, basi zichaguliwe zenye waya unaochomoka, ambao hubadilishwa peke yake. Zisizo na waya zina raha yake, lakini betri yake ndogo huchoka baada ya miaka michache, na nyingi hazikutengenezwa zifunguliwe na fundi.

Liko pia suala la barabarani. Walkman ya kwanza ya Sony, iliyotoka Japani Julai 1979, ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni na kitufe cha kupunguza muziki ili wasikilizaji wawili waweze kuzungumza, kwani Akio Morita aliona ni utovu wa adabu mtu kujifungia peke yake. Kitufe kile kiliachwa katika matoleo ya baadaye. Leo kijana huvuka barabara masikio yameziba huku bodaboda zikimjia kutoka pande zote. Avue kwanza, ndipo avuke.

Mwisho ni hili la bidhaa bandia. Majina ya kampuni mashuhuri hubandikwa juu ya takataka, na walanguzi huuza kwa bei ya kitu halisi. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 ipo, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye jukumu la kuisimamia. Maofisa wake wayakague na maduka madogo ya vifaa vya simu, na kila muuzaji aandike katika risiti aina ya hedifoni na muda wa dhamana, ili mnunuzi akirudi nazo baada ya juma moja awe na cha kuonyesha.