Muziki wa Kuazima

Mwaka jana, usiku wa kuamkia mtihani, nilitafuta wimbo wa taarabu ambao mama huupiga kila Ijumaa anapopika. Kwenye orodha yangu ya mtandaoni jina lilikuwepo, lakini limefifia, nikibonyeza, kimya. Hakuna aliyenieleza sababu. Nalipa kila mwezi, kumbe ni mpangaji tu! Wahenga walishasema: nguo ya kuazima haisitiri matako.

Tangu hapo nina msimamo mmoja: nyimbo tunazozipenda kweli tuzihifadhi wenyewe. Kompyuta kuukuu, au Raspberry Pi inayoenea kiganjani, inatosha kuwa seva. Unaweka Navidrome, programu huria isiyo na ada. Kisha kwenye kompyuta unayosomea unafungua kichezaji kama Feishin, nacho kinakuletea maktaba yako yote kutoka kwenye seva hiyo. Anayeogopa mambo ya seva aanze na Strawberry au foobar2000: faili zikae kwenye diski yake, basi.

Wenzangu huniambia, "Unajisumbua bure, kila kitu kipo mtandaoni." Kila kitu cha nani? Kanda za harusi zilizonakiliwa mkono kwa mkono Mombasa na Unguja utazipata wapi huko? Na hata nyimbo zilizopo, mara nyingi huandikwa jina la "msanii" tu. Katika taarabu kuna kikundi, kuna mwimbaji, kuna mtunzi wa shairi. Faili ya FLAC ina nafasi ya kuwataja wote watatu, na mwandishi ni wewe. Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Sisi tutashindwa kuandika majina?

Nakiri, kazi ipo. Diski hufa, hivyo nakala ziwe mbili, moja ikae mbali na nyumbani. Na maktaba binafsi iwe binafsi kweli. Kugawa kazi za wasanii hovyo ni kuwanyang'anya riziki.

Likizo hii mkirudi nyumbani, fungueni makabati. Ulizieni kanda za wazee kabla utepe haujaoza; redio kaseti, waya mmoja na kompyuta vinatosha kuziingiza. Wimbo wangu niliupata kwenye kanda ya mama mwenyewe, ya harusi, na kwa nyuma marehemu shangazi anasikika akipiga vigelegele. Hivyo hakuna anayevikodisha.