19 au 39? Kwa nini hesabu ya waliouawa kwenye maandamano Kenya haifanani

Juni 30, 2024, Rais William Ruto aliwaambia wanahabari kuwa watu 19 walikuwa wamefariki kwenye maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha. Kesho yake, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, ikasema ni 39, na wengine 361 wamejeruhiwa.

Maandamano ni yale yale. Mbona hesabu zinapishana hivyo?

Nani anashika kalamu?

Kila taasisi ina daftari lake. Shida ni kwamba polisi, ambao mara nyingi ndio wanaotuhumiwa, ndio pia wanaoandika OB kituoni. Familia inayowaogopa haiendi kuripoti, na kifo kisichoripotiwa ni rahisi kuachwa nje ya hesabu.

Mwaka 2017 Kenya ilipitisha sheria ya kuunda huduma huru ya kuchunguza vifo vyenye utata. Utekelezaji wake ukakwama kwa miaka.

Aliyetoweka anahesabiwaje?

Hapa ndipo pagumu zaidi. Kijana akibebwa na watu wasio na sare, kisha aachiliwe baada ya siku kadhaa, je, alitekwa au alikamatwa? Kenya ilitia saini mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu watu kutoweshwa mwaka 2007, lakini hadi 2024 inaisha ilikuwa haijauridhia.

KNCHR ilihesabu visa 82 kuanzia Juni hadi Desemba 2024. Missing Voices, muungano wa mashirika ya haki, ulirekodi 55 kwa mwaka mzima. Si lazima mmoja awe amedanganya. Kila mmoja ana kipimo chake cha ushahidi.

Namba ndogo si lazima iwe habari njema

Mwaka 2023 Missing Voices ulikuwa na visa 10 tu vya kutoweka. Ongezeko hilo ni la kutisha, ila kuna la kuzingatia: kisa cha Nairobi husambaa X ndani ya dakika, cha kijijini kusiko na netiweki huenda kisisikike kabisa.

Kwa familia, huu si ubishi wa takwimu. Jina lisipoingia kwenye orodha yoyote, kufungua kesi au kudai fidia kunakuwa mlima.

Kwa hiyo ukikutana na namba mtandaoni, kabla hujaisambaza uliza: nani amehesabu, kuanzia lini hadi lini, na nani ameachwa nje?