Barua ya wazi kwa Kamishna wa Bima: Hofu ya kampuni isiwe gharama yetu

Kwa Kamishna wa Bima,
Mamlaka ya Udhibiti wa Bima,
Nairobi.

Mheshimiwa Kamishna,

Nakuandikia kutoka Iftin, hapa mjini Garissa, ambako nafanya kazi ya uwakala wa bima. Napeleka maombi ya wateja kwa kampuni na kuwarudishia bei. Bei ya gari la petroli naweza kuikisia kabla kampuni haijanijibu, na mara nyingi sipishani nayo kwa mengi. Bei ya gari la umeme siwezi. Kampuni moja huongeza juu ya kiwango cha kawaida. Nyingine hupandisha kiasi ambacho mwenye gari atajibebea mwenyewe ajali ikitokea. Ya tatu hunijibu kwamba kwa sasa haichukui magari hayo kutoka eneo letu. Mwaka wa pili bei hupanda tena, hata kama gari halijapata mkwaruzo. Nikiuliza sababu, naambiwa hatari ni kubwa. Ni kubwa kiasi gani, nani aliyeipima na aliipima wapi, hakuna anayenieleza, nami sina la kumwambia mteja aliyeketi mbele yangu. Huku ni kuuziana mbuzi kwenye gunia.

Mteja mmoja ni mwalimu. Alinunua Nissan Leaf iliyotumika Japani, ikashushwa Mombasa, naye akaigharamia kwa murabaha, ule mpango wa benki usio na riba. Benki ina haki juu ya gari hilo hadi amalize kulipa, kwa hiyo hawezi kujitosheleza na bima ya mtu wa tatu ambayo sheria inamtaka kila mwenye gari awe nayo. Ni lazima akate bima kamili. Gari lilithaminiwa kwa shilingi 1,800,000. Mwaka wa kwanza alitozwa asilimia 4, yaani shilingi 72,000 bila kuhesabu tozo. Mwaka uliofuata kiwango kikawa asilimia 7, na ada ikafika shilingi 126,000. Hakuwa amedai chochote. Nyongeza hiyo ni shilingi 4,500 kila mwezi kutoka kwenye mshahara wa mwalimu, na kwa safari zake za nyumbani, shuleni na sokoni, inameza sehemu kubwa ya alichotarajia kuokoa kwenye petroli.

Serikali yenyewe ndiyo iliyomshawishi mwalimu huyu. Mwaka 2019 ushuru wa bidhaa kwa magari yanayotumia umeme pekee ulishushwa kutoka asilimia 20 hadi asilimia 10. Mwaka 2020 mkakati wa taifa wa matumizi bora ya nishati ulilenga kwamba kufikia mwaka 2025, asilimia 5 ya magari yanayoingizwa nchini kila mwaka yawe ya umeme. Mwaka 2023 mamlaka ya udhibiti wa nishati, EPRA, iliweka bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri, shilingi 16 kwa kilowati-saa, na shilingi 8 katika saa ambazo matumizi ni madogo, kabla ya kodi na tozo. Betri ya Leaf ya kilowati-saa 24 ikijazwa kwa bei hiyo ya chini haifiki shilingi 200, bila kodi na tozo hizo. Sisi tunaosubiri tarehe 14 ya kila mwezi kusikia petroli itauzwaje, na ambao ndugu zetu wa Mandera hununua kwa bei ya juu kuliko karibu kila mji wa Kenya, tunajua vizuri thamani ya hesabu hiyo. Isitoshe, kituo cha umeme wa jua cha megawati 50 kilichozinduliwa tarehe 13 Desemba 2019 kimejengwa hapa Garissa, kwenye hekta 85 za ardhi ya kaunti hii. Umeme wa jua letu unaingia kwenye gridi ya taifa. Mwenye kutaka kuendesha gari kwa umeme huo hapa hapa unakozalishwa ndiye anayekataliwa bima, au anayewekewa bei ya kumkimbiza.

Sisemi kwamba kampuni zinabuni. Betri hukaa chini ya sakafu ya gari, na ndiyo sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote. Jiwe la barabarani likiligonga ganda lake, mkadiriaji asiye na vifaa vya kuipima huona ni heri alitangaze gari lote kuwa hasara. Nchini Uingereza, taasisi ya utafiti ya Thatcham ilieleza mwaka 2023 kwamba madai ya ajali za magari ya umeme yaligharimu takriban asilimia 25 zaidi ya yale ya magari ya injini, na matengenezo yalichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 14. Mwaka huo huo kampuni ya John Lewis ya huko iliacha kwa muda kuyakatia bima magari hayo. Kwa hiyo tatizo lipo, na halikuanzia Garissa.

Lakini tuhesabu pamoja. Tukiichukua takwimu ya Uingereza yote kama ilivyo na kuipandisha ada nzima kwa asilimia 25, shilingi 72,000 za mwalimu zingekuwa 90,000. Kutoka asilimia 4 hadi asilimia 7 ni nyongeza ya asilimia 75. Mambo mengi yangeweza kueleza pengo hilo la kati ya asilimia 25 na 75, lakini hakuna karatasi hata moja iliyonifikia inayolieleza. Nadhani linaitwa tahadhari, na tahadhari isiyo na ushahidi inalipwa na mteja.

Sababu ninazopewa kwa simu ni joto, mafuriko na usalama. Joto la Garissa ni kali, na Leaf haina mfumo wa kupoza betri kwa maji, kwa hiyo betri yake huchakaa mapema kuliko katika nchi ya baridi. Ni kweli tupu. Lakini tangu lini bima ya gari ikalipa uchakavu? Tairi likiisha, mwenye gari hununua jingine. Betri ikipungua nguvu kwa joto, hasara ni yake, na mkataba wa bima tayari umeitoa hasara ya namna hiyo. Kampuni haiwezi kumtoza mtu kwa jambo ambalo imeshaandika kwamba haitalilipa.

Mafuriko nayo tumeyaona. Mwishoni mwa mwaka 2023 mvua za El Niño zilitutenga na Nairobi, na Aprili 2024 Mto Tana ukafunika barabara ng'ambo ya daraja, upande wa Madogo, hadi watu wakavushwa kwa mashua, na moja ikazama Kona Punda ikiwa na abiria. Bado naona uchungu nikiitaja siku ile. Maji yale hayakuchagua. Malori ya dizeli, mabasi ya abiria, probox za miraa, yote yalikwama au yaliharibika. Ikiwa barabara ya Garissa ni hatari kwa sababu ya Tana, basi ni hatari kwa kila gari linaloipita, na kampuni iseme hivyo kwa wote.

Kuhusu usalama, sitaki kurefusha. Tangu shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, lililowaua watu 148, hatujapata kuuza bima hapa bila kuulizwa kuhusu ugaidi. Kinga dhidi ya ugaidi na ghasia za kisiasa hukatwa peke yake na hulipiwa peke yake. Mteja asiyeichukua hana kinga hiyo. Kumwongezea ada ya kawaida kwa sababu hiyo hiyo ni kumtoza kwa kitu ambacho hajauziwa.

Linalobaki, na ambalo nakubali lina uzito, ni matengenezo. Hapa Garissa hatuna fundi aliyefunzwa kufungua betri ya gari la umeme, na kulivuta gari hadi Nairobi ni safari ya kilomita zaidi ya 350. Hata hivyo, betri ya Leaf ya kilowati-saa 24 ina vipande 48, na kipande kilichoharibika huweza kutolewa na kuwekwa kingine. Mkadiriaji anayelijua hilo ataandika gharama ya vipande vichache. Asiyelijua ataandika betri nzima, na kampuni itapandisha bei ya wateja wote kwa kosa lake. Mafunzo ya wakadiriaji yako ndani ya uwezo wa Mamlaka yako, na yatapunguza gharama haraka kuliko hatua nyingine yoyote ninayoweza kuifikiria.

Mheshimiwa Kamishna, kaskazini mwa Kenya si mara ya kwanza kuambiwa kwamba mali yake haibimiki. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa hilo kuhusu ngamia, ng'ombe na mbuzi wetu. Nani angekwenda kuhesabu mizoga porini? Nani angethibitisha kwamba mnyama alikufa kwa ukame na hakuuzwa? Kisha Januari 2010 watafiti wa taasisi ya kimataifa ya mifugo ya ILRI, pamoja na kampuni za bima, wakaanza Marsabit kwa njia tofauti kabisa. Waliacha kuhesabu mizoga, wakapima malisho. Satelaiti ilionyesha ukijani wa ardhi, na malisho yaliposhuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, mfugaji alilipwa bila mkadiriaji kufika bomani kwake. Mwaka 2013 Takaful Insurance of Africa ikauleta mpango huo Wajir kwa misingi ya sharia, na mwaka 2014 wafugaji wa Wajir wakalipwa. Mwaka 2015 serikali ikaingia kwa mpango wake, ikianzia Wajir na Turkana.

Mpango ule haukuwa mkamilifu. Kuna waliopoteza mifugo huku satelaiti ikionyesha bado kuna kijani, na malalamiko yao yalikuwa ya haki. Lakini angalia kilichobadilika. Ukame ulibaki pale pale, wala haukupungua makali. Kilichoongezeka ni vipimo. Mtu aliyeambiwa jana kwamba hatari yake haina bei, leo aliipata bei, na aliweza kuhoji imetoka wapi.

Ndicho ninachokiomba kwa magari ya umeme. Vipimo vipo tayari kwa sehemu kubwa. Vyeti vya bima ya magari hutolewa sasa kwa mfumo wa kidijitali unaotumiwa na kampuni zote. Mkiagiza kila cheti kionyeshe kama gari ni la umeme, na kila dai lionyeshe kilichoharibika na gharama yake, ndani ya miaka michache mtakuwa na takwimu za Kenya, za barabara zetu na joto letu, na hakuna atakayelazimika kuazima za Uingereza. Chapisheni takwimu hizo katika taarifa zenu za kila robo mwaka kwa safu yake, zisichanganywe na magari mengine. Kampuni huwasilisha viwango vyao kwako chini ya Sheria ya Bima, Sura ya 487. Inayotaka kiwango cha juu kwa gari la umeme iambatanishe hesabu iliyoizaa, na isiyo nayo ibaki kwenye kiwango cha kawaida.

Wakati takwimu zinakusanywa, iko njia ambayo sisi Waislamu wa hapa tunaielewa bila maelezo mengi. Katika takaful, yaani bima ya Kiislamu, michango ni ya wachangiaji, na ziada inayobaki baada ya fidia kulipwa huweza kurudishwa kwao. Basi kampuni iliyo na hofu na itoze nyongeza, lakini nyongeza hiyo iwekwe katika mfuko wa peke yake wa magari ya umeme. Ajali zikiwa nyingi kama ilivyohofiwa, mfuko utalipa. Zikiwa chache, mwalimu wangu arudishiwe fungu lake. Kampuni za kawaida nazo zinaweza kufanya hivyo kwa punguzo la mwaka unaofuata. Atakayelalamikia utaratibu huu atuambie kwa nini anataka kubaki na fedha za hatari ambayo haikutokea.

Na kukataa kabisa kukome. Nchini China, ambako magari haya ni mengi kuliko kokote duniani, wenye magari ya umeme nao walilalamika kwamba ada ni kubwa na kampuni zinawakimbia. Januari 2025, kwa maelekezo ya wasimamizi wa huko, likafunguliwa jukwaa la mtandaoni ambalo mwenye gari aliyekataliwa hupitia, na kampuni zilizomo haziruhusiwi kumfungia mlango. Kwetu haihitajiki mitambo mikubwa. Waraka wako mmoja unatosha, unaosema kwamba kampuni inayouza bima ya magari Kenya haiwezi kumkataa mteja kwa sababu tu gari lake ni la umeme au linatumika Garissa, Wajir au Mandera.

Niongeze neno kuhusu pikipiki za umeme, kwa kuwa vijana wa bodaboda wananiuliza kila siku zitafika lini. Nairobi na Mombasa wengi hubadilisha betri vituoni, na betri hiyo ni mali ya kampuni, si ya mwendeshaji. Thamani inayoandikwa kwenye bima yake isijumuishe betri asiyoimiliki. Ni afadhali liwekwe wazi sasa, kabla hawajaanza kulipa.

Naomba Mamlaka ifanye kikao cha kusikiliza maoni hapa Garissa, wala si Nairobi pekee, na iziite kampuni zije na hesabu zao. Mawakala wa hapa tutaleta wateja na makaratasi yao, pamoja na bei walizopewa mwaka hadi mwaka. Mwalimu niliyemtaja anatakiwa kukata bima upya mwezi ujao, na bado sijapata kampuni iliyo tayari kunieleza kwa maandishi kiwango chake kimetoka wapi. Nitashukuru nikipata jibu lako kabla ya siku hiyo.

Wako mtiifu,
Wakala wa bima,
Iftin, Garissa.