Wamama wa Bangboka wapimwe mapema

Alfajiri, kwenye barabara ya Bangboka, wamama hupita na mizigo ya sombe na ndizi wakielekea masoko ya Kisangani. Wengi wana maumivu ya chini ya tumbo, uchafu wenye harufu, au damu inayotoka baada ya tendo la ndoa. Wananyamaza kwa aibu. Ukimya huo unaua, kwa maana dalili hizo zinaweza kuwa za saratani ya mlango wa kizazi.

Saratani hii husababishwa karibu kila mara na virusi vya HPV, na huchukua miaka mingi kukomaa. Muda huo ni nafasi ya kuokoa maisha. Kipimo chake ni rahisi: muuguzi aliyefundishwa hupaka siki kwa pamba kwenye mlango wa kizazi na kusubiri dakika moja. Sehemu yenye kasoro hugeuka nyeupe, na mara nyingi huweza kutibiwa kabla haijawa saratani.

Shirika la Afya Duniani linashauri wanawake wapimwe kuanzia miaka 30, na miaka 25 kwa wenye virusi vya Ukimwi. Wasichana wa miaka 9 hadi 14 wapewe chanjo ya HPV. Jirani zetu Rwanda walianza kuitoa mwaka 2011.

Tunaiomba serikali ya jimbo letu la Tshopo ipeleke kipimo hiki cha siki katika kila kituo cha afya, kwa bei ambayo muuza sombe ataimudu. Nanyi wanaume, wasindikizeni wake zenu kupimwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.