Mashua ya Kushona Katika Mifereji ya Ulaya

Ikitajwa safari ya matanga, mara watu hufikiri habari za bahari. Lakini huko Ulaya imo mifereji mingi iliyochimbwa kwa mikono ya watu tangu zamani, ili mashua za mizigo zivutwe na farasi toka mji hata mji. Sasa mingi katika hiyo haina mizigo tena, nayo humfaa sana mtu mwenye chombo kidogo alichokiunda mwenyewe.

Chombo kimoja cha namna hiyo chastahili kutajwa. Mwaka 1962 Waingereza wawili, Jack Holt na Barry Bucknell, walibuni mashua iitwayo Mirror, kwa jina la gazeti lililoisaidia kazi hiyo. Urefu wake ni meta 3.3. Mbao zake ni za plaiwudi, nazo huuzwa zimekwisha katwa. Mnunuzi huzishona kwa waya wa shaba, kisha huifunika mishono kwa utepe wa nyuzi za kioo na gundi. Watu wa Lamu hawatastaajabu, maana mitepe ya babu zao ilishonwa kwa kamba za nazi. Bei yake ya kwanza ilikuwa pauni 63 na shilingi 11, yaani shilingi 1,271, na zaidi ya mashua 70,000 zimeundwa.

Je, tanga lafaa mferejini? Kwa kweli, mara nyingi halifai. Miti hukinga upepo, na upepo ukitoka mbele hapana nafasi ya kubisha: kabla chombo hakijashika mwendo, ukingo umefika. Madaraja nayo ni ya chini. Heri mlingoti wa Mirror ni mfupi, waweza kulazwa ndani ya mashua. Basi baharia hushika makasia, au hushuka akaivuta mashua kwa kamba kama farasi wa zamani.

Penye kilima maji hupandishwa kwa mabirika yenye malango pande mbili. Chombo huingia, lango hufungwa, maji ya juu hufunguliwa, nacho huinuka pamoja nayo. Pale Devizes, Uingereza, yako mabirika 29 yanayopandisha mfereji kadiri ya meta 72. Hatari iko wakati wa kushuka. Chini ya lango la juu mna kizingiti cha mawe. Tezi ikikaa juu yake huku maji yakipungua, mashua hupinduka na kuzama. Tena kamba isifungwe kabisa ukingoni, bali ishikwe mkononi na kulegezwa taratibu, la sivyo mashua itaning'inia ukutani.

Mwalimu mmoja, A. J. Mackinnon, aliondoka Shropshire katika mwezi wa Septemba 1997 kwa Mirror kuukuu, akidhani atafika karibu na Bristol tu. Akaendelea hata London, akavuka bahari kwenda Ufaransa, akapita mifereji ya huko, kisha mito Rhine na Main. Kutoka Main alishika mfereji wa kilometa 171, uliofunguliwa mwaka 1992, ambao hupanda meta 406 juu ya bahari kisha hushuka kwenye mto Danube. Mwaka 1998 alifika Sulina, kwenye Bahari Nyeusi, amekwisha pita mabirika 282, na sehemu kubwa ya njia hiyo aliipita kwa makasia.