Butembo na Beni: sheria ya garanti ya nyumba isibaki kwenye karatasi

Tangu M23 ilipouteka mji wa Kanyabayonga tarehe 28 Juni 2024, jamaa nyingi za kusini mwa Lubero zimepanda barabara hadi Butembo, na wengine wamesonga mpaka Beni. Huko Beni wamewakuta watu waliokimbia mauaji ya ADF kwa miaka mingi. Wengi wamepokelewa na ndugu. Lakini undugu una mwisho wake: chakula kinapungua, watoto wanalala sebuleni, na siku moja baba au mama anatoka kutafuta chumba cha kupanga. Hapo anakutana na neno moja linalomfungia mlango: garanti.

Nchi nyingine zina mipango mikubwa ya kusaidia raia kupata nyumba. Kenya ilipitisha sheria mwaka 2024 inayokata asilimia 1.5 ya mshahara wa kila mfanyakazi ili kujenga nyumba za bei nafuu. Mpango wa namna hiyo ungekuwa mgumu Butembo, ambako watu wengi wanaishi kwa biashara ndogo na shamba, bila mshahara wa mwisho wa mwezi. Katiba ya Kongo, katika kifungu cha 48, inahakikisha haki ya kuwa na makao yanayofaa. Hata hivyo, mtu wa kawaida anajenga kwa likelemba, ubao kwa ubao, tofali kwa tofali, bila kungojea serikali.

Lakini kuna msaada ambao hauombi hata faranga moja kutoka hazina ya taifa. Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema wazi kwamba garanti ya nyumba ya kuishi haiwezi kupita miezi mitatu ya kodi. Chukua mfano wa chumba cha dola 30 kwa mwezi. Kwa sheria, garanti yake haipiti dola 90. Mwenye nyumba akidai miezi sita, ni dola 180. Kwa mama aliyekimbia na godoro na sufuria tu, tofauti hiyo ndiyo mtaji wake wote wa kuuza ndizi au mafuta ya mawese.

Serikali haiwezi kusema kwamba haijui nyumba zinazopangishwa ziko wapi. Jimbo linatoza kodi ya mapato ya nyumba za kupanga, na mawakala wake wanajua kufika mlangoni. Wanaofika kutafuta kodi wanaweza pia kuomba kuona mkataba. Kila komini ina huduma ya makao ambayo kazi yake ni kupatanisha mwenye nyumba na mpangaji. Mara nyingi raia wanaifahamu huduma hiyo siku ya ugomvi tu, wakati vyombo vimekwisha kutupwa nje.

Wenye nyumba nao wasikilizwe. Wengine ni wajane wanaolipia watoto masomo kwa kodi ya vyumba viwili. Wanaogopa mpangaji atakayehama usiku na deni. Mkataba ulioandikwa, uliowekwa pia kwenye komini, unawalinda kuliko garanti kubwa inayowafukuza wapangaji waaminifu.

Kuna pia waliokuwa na nyumba yao, vita ikaiharibu. Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki, huko La Haye, iliiamuru Uganda kulipa Kongo dola milioni 325 kwa miaka mitano, na milioni 40 kati ya hizo ni kwa ajili ya mali iliyoharibiwa. Beni na Butembo zilitajwa katika madai ya Kongo. Mfuko wa kugawa pesa hizo, FRIVAO, una makao yake Kisangani, na barabara ya taifa nambari 4 inayoelekea huko si ya kumtuma mzee peke yake na faili mkononi. Waliochomewa nyumba na ADF, wao wanatazama upande wa FONAREV, mfuko ulioundwa kwa sheria ya Desemba 2022. Faili za watu hawa zinapaswa kupokelewa na kufuatwa hapa hapa wanapoishi.

Baada ya Goma kuanguka Januari 2025, ofisi za jimbo zilihamia Beni, na kila ofisi na kila mtumishi anatafuta paa. Gavana yuko karibu na shida hii kuliko zamani. Yeye na mameya wa miji yote miwili waanze na jambo jepesi: watangaze kwenye radio na sokoni, kwa Kiswahili na Kinande, kwamba garanti ni miezi mitatu, na wamuite kwenye komini yule anayedai zaidi. Mtu aliyepoteza kijiji chake asipoteze pia senti zake za mwisho mlangoni pa chumba kimoja.